Mgonjwa Nani, Flashi au Laptopu?

Kilichonitia Linux kichwani, yaani mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ni flashi za wateja. Mwenye duka la steshenari atanielewa bila ya maelezo mengi. Mtu anakuja kuprinti kurasa mbili, ukiichomeka flashi yake folda zote zimegeuka vijishale, na ikifika jioni laptopu yako wewe ndiyo inayowaambukiza wengine. Nina duka dogo hapa Chake Chake, Pemba. Natoa kopi, nataipu barua na maombi ya kazi, napiga laminesheni, na wakati wa kujiandikisha vyuo watoto wanajaa mpaka barazani. Kirusi kile kilinifukuzia wateja. Mmoja aliniambia usoni, "Dada, hapa kwako flashi yangu siichomeki tena."

Halafu ikaja tarehe 14 Oktoba 2025, siku Windows 10 ilipofikia mwisho wa kuhudumiwa. Laptopu yangu ni ya mtumba, prosesa yake ni i5 ya kizazi cha 6, na Windows 11 kwa prosesa za Intel inaanzia kizazi cha 8. Kununua nyingine sikuwa na uwezo. Mtoto wa kaka yangu anasoma mambo ya kompyuta Unguja, nikampigia.

"Shangazi, tia Linux Mint. Ni bure, na vile virusi vya vijishale haviishi humo. Kazi ya saa moja tu."

Kazi ya saa moja ilinichukua siku kumi na mbili za mwezi wa Desemba, siku mbili katika hizo duka limefungwa kabisa, na msichana mmoja wa chuo nusura nimharibie mwaka wake wa mwisho. Nayaandika haya kama yalivyotokea, na makosa yangu yote, kwa sababu najua tupo wengi wenye laptopu za umri huo.

Kosa la kwanza lilitokana na ubahili. Sikutaka kula bando. Fundi mmoja wa simu hapa mjini alikuwa nalo faili la Linux Mint 21 kwenye diski yake, lile la mwaka 2022, akanipa bila ya senti. Huo mwaka utaona faida yake mbele. Nikalivuta faili kwenye flashi kama ninavyovuta kaswida, nikazima laptopu, nikawasha. Ikaja Windows. Nikazima, nikatoa flashi, nikaipuliza, nikachomeka tena. Windows. Mara nne, na kila mara nikiamini safari hii itatii.

Kijana alipopiga simu usiku akacheka mpaka akakohoa. "Shangazi, wewe umeliweka faili tu. Hujaliandika."

Tofauti yenyewe ni hii. Faili la namna ile, linaloitwa ISO, ni kama mpunga ndani ya gunia. Ukimwekea mgeni gunia mbele yake hukumlisha. Linatakiwa lifunguliwe na kuandikwa kwenye flashi kwa mpango ambao laptopu inapoamka inaujua, yaani iikute folda inayoitwa EFI na ndani yake programu ya kuwashia. Kazi hiyo inafanywa na programu maalumu. Kwa anayetumia Windows ni Rufus, ni ndogo, ya bure, na wala haihitaji kusakinishwa. Ipo balenaEtcher pia, ambayo haina maswali mengi, na ipo Ventoy, ambayo ukishaiweka kwenye flashi mara moja unaweza kurundika mafaili ya ISO mengi upendavyo ukachagua wakati wa kuwasha. Ventoy ndiyo pekee katika hizo ambayo kuvuta faili kama kaswida kunafaa.

Nikapakua Rufus. Sasa hapa nakuomba usome polepole.

Mchana wake msichana mmoja wa chuo alikuwa ameniachia flashi yake nimprintie ripoti ya utafiti, nakala tatu, zifungwe vizuri. Flashi ile ilikuwa kwenye tundu la kushoto. Yangu niliichomeka tundu la kulia. Rufus inapofunguka, juu kabisa inaonesha jina la flashi itakayoandikwa, herufi yake na ukubwa wake. Yangu ilikuwa ya GB 64. Ya msichana ilikuwa ya GB 16. Pale juu paliandikwa GB 16. Sikupaangalia. Nikachagua faili, kwenye mpango wa diski nikachagua GPT kama nilivyoelekezwa, nikabonyeza START. Ikaniuliza niandike kwa namna ya ISO au ya DD, nikaacha ile ya mwanzo. Ikanitahadharisha kwamba kila kilichomo ndani ya flashi kitafutika. Nikabonyeza OK kama tunavyozibonyeza OK zote za duniani.

Ilipomaliza nikafurahi. Sikuwa na habari.

Kuifanya laptopu iangalie flashi kabla ya diski yake kuna kitufe cha kubonyeza mara tu unapowasha, kabla nembo ya kampuni haijaondoka. Kwa Dell na Lenovo nyingi ni F12, kwa HP ni Esc halafu F9, kwa Asus mara nyingi ni Esc au F8. Usibonyeze mara moja ukangoja, kidonoedonoe kama kuku tangu sekunde ya kwanza. Ukishindwa, ipo njia isiyotaka mbio: ndani ya Windows, shikilia Shift huku unabonyeza Restart, kitatokea kioo cha buluu, chagua "Use a device", na flashi itakuwepo kwenye orodha. Njia hii ndiyo iliyonifaa mimi, kwa sababu Windows ina tabia ya kujizima nusu nusu ili iwake haraka kesho yake, na laptopu yangu ilikuwa ikiruka moja kwa moja bila ya kunipa nafasi ya kubonyeza chochote.

Basi nikaichagua flashi. Kioo kikawa cheusi, ikatoka mistari miwili: "Verifying shim SBAT data failed: Security Policy Violation", na chini yake, "Something has gone seriously wrong". Halafu laptopu ikazima yenyewe.

Wallahi nilidhani nimeiua. Duka lilikuwa limeshafungwa, nipo peke yangu, mvua ya vuli inapiga bati, na mbele yangu mashine imenitamkia kwamba kuna jambo limeharibika vibaya sana kisha ikafa. Nikaiwasha mikono inatetemeka. Ikaja Windows kama kawaida, haina hata kovu.

Maana ya maneno yale nilikuja kuelezwa baadaye. Laptopu za zama hizi zina mlinzi mlangoni anayeitwa Secure Boot. Kila programu inayotaka kuwasha mashine lazima ioneshe muhuri. Linux Mint inao muhuri, lakini mwezi wa Agosti 2024 sasisho moja la Windows lilipeleka kwa mlinzi orodha mpya ya mihuri iliyopitwa na wakati, kwa sababu za usalama. Faili langu la 2022 lilikuwa na muhuri wa zamani. Laptopu haikuwa na kosa lolote, na flashi, kwa jambo hilo, haikuwa na kosa. Dawa yake ni mbili, ama upakue toleo jipya, ama umzime mlinzi kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe inayotangulia Windows. Ya kwanza ndiyo ya watu wenye akili.

Mimi usiku ule sikuwa na akili. Niliingia BIOS nikaanza kugeuza kila nilichokiona. Nikazima Secure Boot. Nikaona pameandikwa UEFI, namna mpya ya kuwashia mashine, nikageuza Legacy, namna ya zamani, kwa kuwa mtu mmoja kwenye video alisema hivyo. Nikabadilisha na mpangilio wa diski, sikumbuki hata ulikuwa vipi mwanzo. Nikahifadhi, nikatoka. Safari hii hata Windows haikuja. Kioo cheusi, na maneno kwamba hakuna kifaa cha kuwashia.

Saa tano za usiku nikampigia kijana. Aliniuliza swali moja ambalo liliniuma kuliko maneno ya kwenye kioo: "Shangazi, ulipiga picha kabla ya kugeuza?"

Sikupiga. Ingekuwa kazi ya dakika mbili kwa simu, kila ukurasa wa BIOS picha yake. Ilituchukua saa nzima kwa WhatsApp ya video, mimi nimeielekeza simu kwenye kioo, yeye anakisia. Windows yangu ilikuwa imesakinishwa kwa mtindo wa UEFI, na ukiigeuzia mashine Legacy inakuwa kama umemhamisha mtu nyumba usiku bila ya kumwambia, anarudi kwa mazoea na haupati mlango wake. Tukarejesha UEFI, tukarejesha diski ilivyokuwa, Windows ikarudi. Wewe kabla hujaanza, fungua Windows, andika msinfo32 kwenye sehemu ya kutafutia, na usome mbele ya "BIOS Mode". Ikiwa ni UEFI, basi kila utakalofanya libaki UEFI. Na kwenye menyu ya kuwashia, flashi ikijitokeza mara mbili, chagua ile iliyotanguliwa na neno UEFI.

Asubuhi saa mbili msichana akaja.

"Shikamoo dada. Nimefuata nakala zangu."

Nikachomeka flashi yake. Jina lake lilikuwa limebadilika, limekuwa la Linux Mint. Ndani hamna ripoti, hamna picha, hamna chochote chake. Damu ilinishuka. Nilimwambia ukweli pale pale, kwa sababu uongo ungekuwa na miguu mifupi na yeye alikuwa amesimama mbele ya kioo. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye benchi akaishika nakala yake ya zamani ya karatasi, ile yenye kalamu nyekundu ya msimamizi wake, akaniuliza, "Sasa mimi n'tafanya nini?" Ningependa angenitukana.

Jambo moja tu nililifanya sawasawa siku ile: niliitoa flashi nikaiweka kwenye droo, sikuigusa tena mpaka jioni. Ukifuta kitu kwa bahati mbaya, usiandike kingine juu yake, kwa sababu data ya zamani inakuwa ingali imelala chini mpaka pale itakapokanyagwa. Jioni kijana akanielekeza programu inayoitwa PhotoRec, nayo ni ya bure na ipo ya Windows. Inapita ndani ya flashi sehemu kwa sehemu ikiokota inachokitambua. Mafaili yanarudi, lakini majina hayarudi. Nilipata mafaili mia nne na kitu, yote yana majina ya herufi f na tarakimu, nikafungua moja moja hadi adhana ya alfajiri.

Kilichotuokoa ni mapenzi ya yule binti kwa kaswida. Flashi yake ilijaa kaswida na video za harusi ya dada yake tangu mwanzoni, na Linux ya karibu GB 3 ilipoingia ikazikanyaga hizo. Ripoti aliihifadhi baadaye, ikawa nyuma. Niliipata, ila si ile ya mwisho. Sura ya nne ilikuwa haina masahihisho. Nikaitaipu upya kutoka kwenye karatasi yenye wino mwekundu, kurasa kumi na moja, na nakala zote nikampa bure. Video za harusi hazikurudi. Hilo bado tunalo baina yetu.

Baada ya hapo nilitaka kuacha. Kijana ndiye aliyenirudisha, na alinirudisha kwa namna ambayo ningeipata siku ya kwanza ningelala usingizi wangu. "Shangazi, wewe unatibu bila ya kumjua mgonjwa. Mgonjwa nani, flashi au laptopu? Kwanza tujue hilo. Na usigeuze vitu viwili kwa wakati mmoja."

Tukaanza upya. Kwanza faili. Nikanunua bando la usiku, nikapakua Linux Mint 22.2, toleo la mwaka 2025. Likakatika njiani, kivinjari kikaniambia limekamilika, na mimi nusura nikiamini. Safari hii nilikuwa nimeshafundishwa kuuliza. Kwenye ukurasa wa Mint panawekwa mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu unaoitwa SHA256, ndiyo alama ya kidole ya faili lile. Kwenye Windows unafungua dirisha la amri, unaandika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, na unalinganisha. Zangu hazikufanana hata kidogo. Nikaangalia na ukubwa, pungufu. Bando la pili. Asubuhi zikafanana. Wengi wetu tunairuka hatua hii kwa kuwa inaonekana ni ya mafundi, na mimi nakwambia ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo ya mwanzo.

Pili flashi. Ile yangu ya GB 64 niliinunua shilingi 9,000 kwa mtu anayetembeza, na nilijiona mjanja. Nikaiandika kwa Rufus, macho yangu yamegandia pale juu kwenye jina na ukubwa kama nahesabu pesa za watu. Ikawaka. Menyu ya Mint ikatokea, nikamwita jirani aje aone. Halafu ikaanza kumwaga mistari ya makosa, neno SQUASHFS likijirudia, ikaganda. Kijana akasema niipime kwa H2testw, programu ya Windows inayoijaza flashi data halafu inaisoma tena kuona kama kilichoingia ndicho kinachotoka. Ilichukua muda mrefu, majibu yakawa aibu tupu. Nafasi ya kweli haikufika hata GB 4, na hata humo kulikuwa na sehemu zinazosoma vibaya. Hiyo GB 64 ilikuwa ni maandishi ya juu ya plastiki. Kwa hiyo mgonjwa wa kwanza alikuwa flashi, na ningeweza kumjua siku ile ile niliyoinunua.

Nikanunua nyingine dukani, ya GB 16, shilingi 18,000, kwa risiti. Nikaipima kabla ya kuifanyia chochote. Nzima. Nikaandika. Safari hii nilijaribu ile namna ya DD, na hapa kuna jambo linalowatisha watu: ukimaliza, Windows inaweza kukuonesha flashi ina nafasi ya kichekesho, MB chache tu, na ikakuomba uifomati. Usikubali. Haijaharibika, ni Windows tu haisomi lugha ile.

Nikawasha. Menyu ikaja, nembo ya Mint ikaja, halafu ikaniangusha kwenye kioo cheusi kilichoandikwa BusyBox, na mbele yake: "Unable to find a medium containing a live file system". Yaani, imeanza kuwaka kutoka kwenye flashi, halafu inalalamika kwamba haiioni flashi. Nilicheka peke yangu. Kama mtu amepanda dau, amefika katikati ya maji, anauliza dau liko wapi.

Hapo ndipo swali la mgonjwa nani lilipolipa. Sikugeuza kitu. Nilichukua flashi nikaenda nayo kwa maalim mmoja jirani, anasomesha skuli na ana laptopu yake.

"Asalaam alaykum maalim. Naomba nichomeke flashi yangu kwako. Sisakinishi kitu, naangalia tu."

"Waalaykumu salaam. Isije ikawa ni zile za vijishale."

Nikamwapia. Tukawasha, na ndani ya dakika mbili kioo chote cha Linux Mint kiko mbele yetu, kinafanya kazi kutoka kwenye flashi, diski ya maalim haijaguswa. Maalim akaanza kufungua fungua humo, mpaka ikabidi nimwombe flashi yangu.

Flashi nzima, basi, na faili zima. Mgonjwa ni laptopu, lakini wapi? Nikarudi dukani nikaichomeka kwenye tundu la upande wa pili. Ikawaka moja kwa moja. Nikaimulika lile tundu la kulia kwa tochi ya simu: pini zina kutu ya kijani. Duka langu lipo wazi mchana kutwa, na hewa ya chumvi ya kisiwa hiki haichagui bati wala laptopu. Kwa kuprinti kurasa mbili tundu lile lilikuwa linatosha. Kwa kusoma GB 3 mfululizo lilikuwa linapoteza mguso katikati. Wengine wanaopata maneno yale ya BusyBox huponea kwa kuhamia kutoka tundu la buluu, la USB 3, kwenda lile jeusi la USB 2, au kwa kuacha kupitishia flashi kwenye kigawanyio. Mimi nilipoteza siku mbili kwa kitu ambacho dawa yake ilikuwa kunyoosha mkono wa kushoto.

Secure Boot nikairudisha kama ilivyokuwa. Toleo jipya likapita bila ya neno.

Kama wewe utafika kwenye menyu halafu kioo kikawa cheusi kabisa, hakina hata maandishi, hasa kwenye mashine zenye kadi ya picha ya NVIDIA, kwenye menyu ile ile ipo "compatibility mode". Ijaribu kabla ya kuanza kulaumu flashi. Mimi sikuihitaji.

Kabla ya kusakinisha nilikaa na Mint ya kwenye flashi siku nzima. Nikaunganisha Wi-Fi, nikasikiliza sauti, nikachomeka mashine ya kuprintia ikatambulika yenyewe, nikafungua barua za Word ndani ya LibreOffice, programu ya kuandikia ya huko, nikaona jedwali zipi zinapinda. Zipo zinazopinda, nisiseme uongo. Kwa ajili hiyo niliamua Windows ibaki upande mmoja kwa kazi hizo, huku flashi za wateja nikizifungua upande wa Linux tu. Nikahamisha nyaraka zote za duka kwenye diski ya nje, nikaitoa na hiyo diski nikaipeleka nyumbani kabisa. Nilikuwa nimeshajijua.

Nikachagua siku ya kusakinisha kwa kuangalia umeme. Tangu waya wa chini ya bahari kutoka Tanga utufikie mwaka 2010 mambo si kama enzi za majenereta ya Wesha, lakini betri ya laptopu yangu inashika dakika kumi na tano, na umeme ukikatika diski inapogawanywa hakuna wa kumlilia. Nikaanza saa moja asubuhi. Dakika ishirini na tano, kwisha.

Ikaniambia nitoe flashi, niwashe upya. Nikawasha. Windows!

Nilikaa kimya, nikasema sigeuzi kitu mpaka nijue. Nikaingia kwenye menyu ya kuwashia kutafuta Linux Mint. Haimo. Kuna Windows, na kuna kitu kinaitwa ubuntu, ambacho mimi sijakisakinisha. Nikampigia kijana kwa hasira. Kumbe Mint imejengwa juu ya Ubuntu, na kwenye orodha ile inajiandikisha kwa jina la mzazi wake. Nikaipandisha ubuntu juu ya Windows katika mpangilio wa BIOS, nikapiga picha kwanza, na jambo likaisha.

Lililobaki lilikuwa la kuchekesha. Nikirudi Windows, saa iko nyuma kwa saa tatu. Nilidhani imejifunza kusoma saa za Kiswahili, lakini hizo zingekuwa sita. Kumbe Linux inaiweka saa ya ndani ya mashine kwa saa za dunia, Windows inaisoma kana kwamba ni saa za hapa, na sisi tupo mbele kwa saa tatu. Amri moja kwenye Linux, timedatectl set-local-rtc 1, ukitanguliza sudo, ikawapatanisha.

Ukinitaka hesabu: mabando mawili, flashi mbili, siku mbili za duka, karatasi na wino wa nakala tatu za ripoti, na flashi mpya niliyomnunulia yule binti kwa hiari yangu. Haikufika hata robo ya bei ya laptopu nyingine ya mtumba. Lakini zile video za harusi sijui utazitia kwenye safu gani.

Binti alirudi mwezi uliofuata, ripoti imepita, anataka nakala ya jalada gumu. Nikamwonesha Linux, nikamwambia sasa hapa hakuna kirusi, na Rufus nimeifuta kabisa. Akatikisa kichwa kwa adabu. Flashi alinipa. Halafu akavuta lile benchi mpaka ubavuni kwangu, akakaa, mkono ameunyoosha chini ya tundu, akasubiri nimalize aichomoe mwenyewe.